Mkwe Hafukuzi Mkwe

Jumatatu, 12 Julai 1976

Imefika. Nimeiona kwa macho yangu. Lori kutoka Mwanza, turubai la kijani, na chini ya turubai mashine mpya ya kushindilia marobota. Ina mguu wa chuma. Mmoja tu! Sisi wakanyagaji tunaingia sandukuni kwa zamu, tunamwagiwa pamba hadi kiunoni, tunaikanyaga huku tunaimba mpaka inashikana na kufungwa nyaya. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niingie kiwandani. Fundi aliyekuja na lori anasema mguu wa chuma hauchoki, hauugui, wala hauimbi. Anasema kama vile hiyo ni sifa.

Meneja katukusanya uwanjani. Kavaa Kaunda suti. Kasema hafukuzwi mtu, tusisikilize uvumi. Ila baadhi ya ndugu watarudishwa kwenye uzalishaji vijijini. Mzee Mayala, mkanyagaji mkubwa kuliko sote, kauliza tofauti ni nini. Meneja kasema tofauti ni kubwa sana, kisha akatazama saa.

Halafu kaongeza neno. Wachache wetu wataitwa ofisini kwa Mama Benedikta, Afisa Utumishi, waambiwe habari yao uso kwa uso, maana siku hizi za Mwongozo wa chama mfanyakazi hapewi jambo zito kwa karatasi. Wakitoka wafunge midomo. Yote yatatangazwa Jumamosi ya wiki ijayo.

Wachache wataitwa! Tangu niko hapa sijaona mtu kaitwa ofisini akapewa pilau.

Na mimi nina langu. Mama yangu kule Mwamapalala anajua mimi ni fundi wa mashine. Nilimwambia mwenyewe, siku moja ya furaha. Kijiji kizima kinajua. Nikirudi na jembe begani nitawaambia nini? Naogopa. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa sana.

Jumanne, 13 Julai

Mkakati wa kwanza: kuonekana sina mbadala. Nimekanyaga pamba kama mtu aliyepagawa. Nimeimba peke yangu hata wenzangu waliponyamaza. Meneja kapita, kasimama, katazama. Nikaruka juu zaidi! Nikateremka bila katambuga ya kulia.

Tumeitafuta. Haikupatikana. Robota limeshafungwa, limepigwa chapa, liko stoo linangoja safari ya Ulaya. Katambuga yangu nzuri ya tairi la Bedford inakwenda Ulaya na mimi nabaki hapa.

Mchana kaitwa wa kwanza: Mzee Mayala. Kakaa ofisini muda mrefu. Katoka anafuta macho kwa kofia. Nikamwambia pole baba. Katikisa kichwa, kaenda kukaa peke yake nyuma ya mlima wa mbegu. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye ule mguu usio na katambuga.

Selestini naye! Mkanyagaji mwenzangu, mshindani wangu wa tangu zamani. Kashinda anazungukazunguka mlangoni kwa Mama Benedikta. Kampangusia baiskeli, kamsalimia mara kadhaa. Yeye hana akili. Simba yuko pangoni, naye anakwenda kumkuna mgongo.

Jumatano, 14 Julai

Leo nimepata wazo. Limeniingia nikiwa sandukuni, pamba ikiwa kifuani.

Nilimkumbuka marehemu baba mkubwa. Aliishi na mkewe hadi wakazeeka, na hakuwahi kuutazama uso wa mama wa mke wake. Akimwona njiani anaingia porini. Mkwe naye anajifunika kanga na kuchutama. Hawakuketi pamoja, hawakula pamoja, hawakusemezana. Ndiyo heshima ya mkwe kwetu Usukumani. Kwa ukoo wetu haingoji hata ndoa. Posa ikishatajwa, imeanza.

Sasa basi. Mama Benedikta ni Msukuma wa Mwanhuzi, kule wanakoshika mila kama wanavyoshika mikia ya ng'ombe. Ana binti, Kwandu, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Nikimposa Kwandu, Mama Benedikta ni mkwe wangu. Akiwa mkwe wangu, hawezi kuniona uso kwa uso. Asiponiona uso kwa uso, hawezi kuniambia. Asiponiambia, sijafukuzwa!

Nilicheka sandukuni. Wenzangu wakadhani vumbi la pamba limenipanda kichwani.

Alhamisi, 15 Julai

Nimekwenda kwa Athumani mwenye duka. Huyu babu zake walitoka Tabora, na kazi yake kubwa ni kuzungumza. Duka ni kisingizio tu, hasa mwezi huu ambao halina sukari wala sabuni. Nimemwomba awe mshenga wangu. Kafurahi mno. Kwao, kasema, mkwe unamwendea kila Ijumaa na kuku, mnakaa mkekani, mnacheka. Nikamwambia mimi namtaka Kwandu hasa kwa sababu ya kutokukaa mkekani. Kasema kila kabila na maradhi yake.

Ila lazima binti mwenyewe akubali. Jioni nikaenda darasani kwa Kwandu, nikaketi mbele na wazee, nikashika kalamu vibaya, nikaanza kuchora herufi ya kwanza. Kasimama juu yangu. Kauliza mbona mtu anayewasomea gazeti watu wote pale dukani kwa Athumani leo hajui herufi ya kwanza.

Nikamwambia nataka kumposa.

Alicheka mpaka chaki ikadondoka. Wazee nao wakacheka, ingawa hawakusikia. Kasema haya, nimpeleke mshenga kwa mjomba wake Marcelo, yeye Kwandu ana hamu ya kuona uso wa mama yake siku hiyo. Ana pengo dogo kwenye meno ya mbele. Sikuwahi kuliona.

Ijumaa, 16 Julai

Athumani kapeleka posa na kilo nzima ya sukari. Tumetazamana, mimi na yeye. Sukari imetoka wapi? Kasema mshenga haulizwi.

Karudi anatabasamu. Mjomba Marcelo kapokea vizuri, kasema ukoo utakaa na kufikiri. Lakini lilipotajwa jina langu, Mama Benedikta aliinuka ghafla, akajitanda kanga usoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Akajitanda kanga! Nilimkumbatia Athumani hadi kofia yake ikaanguka.

Jumamosi, 17 Julai

Ushindi mkubwa. Uandikwe kwa herufi kubwa, ila wino haba.

Asubuhi nakwenda kazini kwa njia ya bondeni. Mbele yangu, kwenye kona, Mama Benedikta juu ya baiskeli. Kaniona. Kashika breki, karuka, kaingia na baiskeli yake kwenye mabua ya mtama, kachutama, kanga kichwani. Nami nikaruka upande wa pili, nikajificha nyuma ya kichuguu. Mila imekamilika.

Tatizo: hakuna aliyejua mwenzake atatoka lini. Yeye anangoja mimi nipite, mimi nangoja apite yeye. King'ora cha kiwanda kikalia. Tukaendelea kuchutama. Siafu wakanipata. Mwishowe akapita mchunga ng'ombe, na katika vumbi la ng'ombe kila mtu akakimbilia njia yake. Tumechelewa kazini, mkanyagaji na Afisa Utumishi.

Saa tano mlinzi kaja sandukuni. Mihayo unaitwa ofisini! Wenzangu wakaacha kuimba. Nikamwambia mlinzi arudi akamuulize Mama vizuri kama kweli anamwita Mihayo, mwana wa Mwamapalala, aliyeleta posa. Mlinzi kaenda. Karudi anakuna kichwa. Mama kasema ni kweli, alijisahau, Mihayo asije. Asikanyage hata ukumbini.

Nilikanyaga pamba hadi jioni kwa furaha. Waliokwisha kuitwa hadi sasa ni watatu. Kwa hiyo wa nne nilikuwa mimi! Nimeponea tundu la sindano. Mkwe hafukuzi mkwe.

Jumatatu, 19 Julai

Maisha ya mkwe ni magumu. Njia ya bombani ni moja. Njia ya chooni ni moja. Mama Benedikta, kwa utu wake, sasa anapiga kengele ya baiskeli kabla ya kila kona, hata akitembea kwa miguu. Kaing'oa kabisa, anatembea nayo mkononi. Nikiisikia naingia popote palipo karibu. Leo nimeingia pipa la mafuta machafu ya mashine.

Nimemhurumia kidogo. Mama wa watu, kasoma hadi Morogoro, ana sahihi inayoheshimika, anatembea na kengele mkononi kwa sababu yangu.

Ila naye kaanza ujanja. Mila inaruhusu mkwe asemeshe kitu kingine huku mlengwa akisikia. Mchana nimekaa kivulini nakula michembe, vile viazi vyetu vikavu. Mara nyuma ya ukuta wa stoo nasikia sauti yake inauambia ukuta: ewe ukuta, kuna mtu nina neno lake.

Niliruka! Nikachota pamba, nikajaza masikio yote mawili. Pamba hapa si shida. Nikaendelea kutafuna. Nilipochungulia, mdomo wake ulikuwa ukicheza, anauambia ukuta mambo marefu. Maskini ukuta! Umefukuzwa kazi badala yangu.

Jumanne, 20 Julai

Kasemesha mizani. Pamba masikioni.

Kasemesha mti wa mwarobaini. Pamba masikioni.

Kasemesha mbuzi wa mlinzi, kwa sauti ambayo hata pamba ilianza kuipitisha. Nikaimba.

Jioni kaja Kwandu mwenyewe hadi chumbani kwangu, kasimama mlangoni. Kasema mama yake ana neno, yeye kakatazwa kulijua, lakini nilisikilize, inaonekana ni la maana. Nikamwambia asiniletee maneno ya ofisini, mimi na yeye tuna mambo ya nyumbani. Kauliza mambo gani. Nikamkaribisha michembe. Kakaa kizingitini, kala, kanisimulia jinsi mzee mmoja darasani alivyoandika jina lake kwa mara ya kwanza na kuomba kipande cha ubao apeleke nyumbani. Alipoondoka chumba kikawa kikubwa kuliko kawaida. Jambo hili halimo kwenye mkakati.

Na Selestini? Hajaitwa hata leo! Ana dawa gani? Amekonda, macho mekundu, anashinda karibu na mlango wa ofisi kama anayetaka kuitwa kwa nguvu. Leo kamwomba mlinzi amkumbushe Mama jina lake. Mjinga. Anajipeleka machinjioni kwa miguu yake, na kamba kajifunga mwenyewe.

Alhamisi, 22 Julai

Balaa. Mama yangu kaja!

Habari za posa zimefika Mwamapalala kabla ya sukari kuisha. Kapanda lori la pamba na jogoo mmoja na kapu la karanga. Nimemkuta getini, anaambiwa na mlinzi asubiri. Nikampigia magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu. Kanishika uso kwa mikono miwili, kasema ng'wanone, mwanangu, nimekuja kumwona mkwe, na kuiona mashine yako.

Mashine yangu.

Nikasema imelala. Kasema ataitazama ikiwa imelala. Nikasema ina sumu. Kasema kazaa watoto saba kwenye nyumba yenye nyoka. Akapita. King'ora kikalia, zamu yangu ikafika, msimamizi kaniita kwa jina. Ningefanyaje? Nikavua katambuga iliyobaki, nikaingia sandukuni. Nikakanyaga. Mama kasimama pale na jogoo wake, anatazama.

Nilikuwa sitaki kuinua macho. Nilisikia haya hadi kwenye visigino. Nilipoinua, alikuwa anapiga makofi, anafuata wimbo wetu, na wimbo anaujua kuliko sisi. Baadaye kaniambia baba yangu alikuwa hivyohivyo, alikanyaga udongo wa nyumba nzima kwa siku moja. Kisha kauliza kwa sauti ya chini, na mashine je? Nami, Mungu nisamehe, nikamwonyesha ule mguu wa chuma na kusema ndiyo ile, hii kazi ya sandukuni ni ya kunyoosha miguu tu. Kaamini. Kafurahi sana. Nililazimika kwenda nyuma ya stoo kupenga kamasi.

Niliporudi sikumkuta. Yuko wapi? Kwenye benchi la ofisi, bega kwa bega na Mama Benedikta! Wazazi wa pande mbili hawana mwiko. Wanakula karanga, wanazungumza, wanashikana mikono. Mimi nyuma ya pipa, siwezi kusogea.

Jioni nikamuuliza mama wamezungumza nini. Kasema mengi. Mkwe wangu ni mtu mwema sana. Kuna jambo alimuuliza kuhusu mimi, naye kalijibu vizuri, nisiwe na wasiwasi. Sikuuliza zaidi. Kama kuna neno la kufukuzwa, bora limeishia kwa mama. Kasafiri na lori la jioni, kaacha jogoo.

Ijumaa, 23 Julai

Leo hakutokea kitu. Kesho yatatangazwa. Mama Benedikta hajapiga hata kengele. Selestini kaitwa saa kumi! Katoka anakimbia, kakumbatia nguzo ya bendera. Kachanganyikiwa, bila shaka. Nimemwonea huruma. Nimempelekea karanga nyumbani kwake. Kazikataa, anacheka peke yake.

Nimelala mapema na moyo mweupe.

Jumamosi, 24 Julai

Uwanjani, sote. Mama Benedikta kasimama mbele katugeuzia mgongo, kwa ajili yangu, kasema habari zote akitazama ukuta.

Walioitwa ofisini ni wanne. Hao wanne ndio wanaobaki. Wanakwenda Mwanza kujifunza mashine mpya, wakirudi wataiendesha. Mzee Mayala atasimamia. Wengine wote tunarudi kwenye uzalishaji vijijini, kwa shukrani.

Walioitwa ndio wanaobaki.

Nilitoa pamba masikioni nikidhani sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Watu walipotawanyika nilibaki pale, sina nguvu ya kujificha. Mama Benedikta alikwenda kwenye nguzo ya bendera, akajifunika kanga, akaisemesha nguzo. Safari hii nilisikiliza. Kasema: ewe nguzo, huyu kijana nilimtaka tangu siku ya kwanza. Mashine imekuja na kitabu chake, na wakanyagaji wote hawasomi isipokuwa huyo mmoja na Selestini anayesoma kwa kubabaisha. Nimemwita, hawezi kuja. Nimeuambia ukuta, mizani, mti na mbuzi. Mwisho nimemuuliza mama yake mzazi: je, kijana anataka kwenda Mwanza kufundishwa mashine? Mama yake kaniambia: mwanangu ni fundi wa mashine tangu zamani, anazijua zote, usimpotezee muda, hiyo nafasi mpe asiyejua.

Nguzo haikujibu. Nilikaa chini palepale mavumbini nikalia, na sioni aibu kuandika.

Naye alikaa. Upande wa pili wa nguzo, mgongo kwa mgongo, bila kutazamana. Kaiambia nguzo yeye mwenyewe hajui kama mwakani atakuwepo, maana huko makao makuu nako wanasema wameleta mashine ya kufanya kazi za ofisi. Kaiambia nguzo jina la dawa ya siafu. Kisha kapiga kengele yake taratibu, kaondoka.

Jumapili, 25 Julai

Nafunga mzigo. Blanketi, sufuria, jogoo, katambuga moja.

Kwandu kaja baada ya misa. Kasema ukoo umeafiki posa, maneno ya ng'ombe yatafuata. Nikamwambia ukweli: sina kazi, na nilimposa ili mama yake asinifukuze. Kasema alijua tangu ile siku ya herufi. Nikamwambia ukweli mwingine, kwamba mkakati umekufa lakini ninampenda, na nimeshangaa mwenyewe. Kanichomoa kipande cha pamba kilichosahaulika sikioni, kasema sasa nirudie, ili nami nijisikie. Nikarudia. Kasema ataomba darasa Mwamapalala, wazee wa kule nao wana majina ya kuandika. Katika dunia hii hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na nimeapa mbele yake: ujanja basi! Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema kweli na kusikiliza ninapoitwa.

Saa nane nikaenda kumuaga Athumani. Kanipa habari njema. Kijijini kwetu wanatafuta karani wa mizani ya pamba. Kazi safi, ya kukaa kivulini. Anayechagua ni katibu wa kijiji, kijana mgeni, mkali, hapokei hata embe la mtu. Eti katibu tayari kasikia sifa zangu za kusoma, na ameagiza nikifika tu niende kumwona.

Niende kumwona! Mimi si mtoto. Najua maana ya kuitwa.

Nimeuliza kwa upole kama katibu huyo ana mke. Hana. Na mimi nina mdogo wangu, Justina, mpishi hodari, mpole isipokuwa akiudhiwa. Athumani katafuta kofia yake. Kauliza sukari atatoa wapi mara hii.

Tutaona. Lori linaondoka alfajiri. Sitakwenda kwa katibu mpaka posa itoke kwake. Shemeji hamnyimi shemeji kazi.